Kazi Yangu Ilikuwa Kupima Umaskini

Mmeniomba niwafundishe namna ya kumtambua mtu asiye na uwezo. Barua yenu nimeipokea hapa Maruku. Imeandikwa vizuri, ina mhuri, na inasema nitapewa dakika ishirini kabla ya chai. Kiuno changu hakikubali tena kwenda Bukoba mjini kwa ajili ya dakika ishirini, kwa hiyo nimeandika. Mwenye sauti kati yenu awasomee wenzake.

Ninyi ndio mtakaopita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, mkiandika nani alipiwe bima ya afya na serikali na nani ajilipie mwenyewe. Kazi hiyo mimi niliifanya kwa kalamu, miaka karibu thelathini, katika hospitali za Muleba na Bukoba ambazo sitazitaja, maana wengine niliofanya nao kazi bado wapo na tunakutana kanisani. Cheo changu kilikuwa afisa ustawi wa jamii. Wagonjwa waliniita Mama Msamaha. Wengine walilitamka jina hilo kwa heshima, na wengine kama mtu anayetema mbegu ya chungwa.

Ofisi yangu ya kwanza ilikuwa chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu, kati ya dirisha la malipo na mlango wa wodi ya upasuaji. Mtu akishindwa pale dirishani aliambiwa, "Nenda kwa Mama Msamaha." Wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano hawakuja kwangu, hao walikuwa wamekwisha kusamehewa. Waliokuja ni wale waliobaki. Hao ilibidi waniridhishe mimi, Adventina, binti wa mkulima wa kahawa, kwamba wao ni maskini kweli. Nikiridhika natia sahihi. Nisiporidhika naandika "Ana uwezo", naye anarudi dirishani alikotoka.

Aliyenifundisha ni Mzee Projestus. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Siku ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, usimuulize mtu kama ana uwezo. Muulize mgonjwa amefikaje hapa. Aliyekuja kwa gari atasema 'kwa gari' kabla hajafikiri. Aliyekuja kwa baiskeli atakuonyesha goti lililochubuka." Akaniambia nimuulize mtu jana walikula nini, na kuni alileta nani. Akaniambia nikimpa mtu mkono nisiuachie haraka, niusikilize. Jambo alilosisitiza zaidi ni lugha. "Zungumza naye Kihaya. Kiswahili tulijifunza shuleni pamoja na kujibu mitihani, kwa hiyo mtu akikisikia ofisini anaanza kutafuta jibu sahihi. Kihaya kinamtoka kama kilivyo."

Hayo yote ni kweli, yaandikeni. Lakini hayafanyi kazi kwa kila mtu. Wiki ya pili aliletwa mvuvi kutoka visiwani, tumbo limemvimba, na Kihaya hajui hata salamu. Nikamtaka alete barua ya mtendaji wa kijiji chake. Akaniuliza, kijiji kipi? Alizaliwa upande wa pili wa ziwa, mwaka jana alikuwa kisiwa kimoja, mwaka huu kingine, na kambi aliyotoka juzi ilikuwa imekwisha kuhama. "Mama," alisema, "mtendaji wangu ni samaki." Mzee Projestus alicheka mpaka akavua miwani, akachukua fomu mbele yangu akatia sahihi.

Huo ndio uliokuwa udhaifu wake kwa macho ya wakubwa: alitia sahihi sana. Nilipomuuliza, alijibu, "Nikikosea, nataka nikosee upande huu." Mimi nilikuwa kijana kama ninyi, nimetoka chuoni na vyeti vyangu, nikadhani ni uchovu wa mzee. Alipostaafu nilijiambia sasa ofisi itafanya kazi.

Nikaanza kwa kudanganywa. Alikuja mwanamume mmoja kutoka upande wa Rubya, peku, shati limechanika mgongoni hadi mbavu zinahesabika, analia mama yake alazwe. Nilimhurumia mpaka nikampa na nauli yangu. Jumapili iliyofuata nilikwenda kwenye harusi ya binamu yangu. Nani msemaji wa ukoo wa bwana harusi? Yule yule. Amevaa kanzu nyeupe na koti juu yake, viatu vinang'aa, anapokea wageni. Aliponiona hata hakushtuka. Alinijia na kibuyu cha lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, akainama kwa adabu zote.

"Karibu sana, mama. Mgonjwa amepona, tunakushukuru."

Nikamwambia, "Na lile shati?"

"Ah, mama, waitu, usikasirike. Lile shati la msamaha ni la ukoo. Tunaazimana. Limekwisha kufika ofisini kwako mara nne, hukuligundua?"

Meza nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, kwa meno tu. Mpaka leo sijakutana na shati lingine lililosomesha mtu vibaya kama lile. Jumatatu nilirudi kazini nikiwa mtu mwingine. Nikajiambia: kuanzia sasa naamini macho yangu, machozi siyasikilizi.

Ni katika majuma hayo alipokuja Domitila.

Alitoka Ngenge, kule bondeni, na binti yake wa miaka tisa, Kokushubila, waliyemwita Koku. Mtoto alikuwa na usaha ndani ya mfupa wa muundi. Daktari alikuwa ameandika kwamba apasuliwe, mfupa ukwanguliwe, kisha alazwe kwa dawa za sindano. Domitila aliingia ofisini kwangu amevaa kitenge kipya cha kushona, viatu vya ngozi, na mkoba mkononi. Nilimsalimia kwa Kihaya. Alinijibu kwa Kiswahili, safi, cha mtu aliyemaliza darasa la saba na hakukisahau. Nikaona nimempata.

"Una shamba?"

"Ninalo."

"Ng'ombe?"

"Wapo."

"Nyumba yako imeezekwa kwa nini?"

"Bati."

"Barua ya mtendaji iko wapi?"

"Mtendaji amesafiri, mama. Mtoto asingeweza kumsubiri."

Sikumuuliza amefikaje. Sikumuuliza jana walikula nini. Mkono wake sikuugusa. Maswali yote niliyofundishwa na Mzee Projestus niliyaacha kwenye droo, kwa sababu nilikuwa naangalia viatu. Alisimama kidogo kama mtu aliyesahau jambo, akasema, "Mama, mtoto anaumwa." Nikamwambia wote wanaokuja hapa wanaumwa. Nikaandika yale maneno. Akachukua karatasi kwa mikono miwili, akaniambia ahsante, akatoka.

Walirudi baada ya mwezi mmoja na siku kadhaa, nyuma ya pikapu iliyobeba magunia ya mahindi. Safari hii Domitila alikuwa na kanga iliyopauka na ndala za rangi mbili. Mguu wa mtoto ulinuka kabla hawajafika mlangoni. Daktari wa upasuaji, mtu mpole asiyepandisha sauti, alinifuata ofisini na faili mkononi.

"Hawa walikuwa wapi mwezi mzima? Wakati ule ningeukwangua ule mfupa na mtoto angetembea."

Akafungua faili atafute mwenyewe, na mwandiko wangu ulikuwa pale, mzuri, umenyooka. Aliusoma. Akalifunga faili, akaliweka mezani kwangu polepole, akaenda kunawa mikono.

Nilitia sahihi siku hiyo hiyo bila kuulizwa. Nilitia mpaka mahali ambapo hapakuhitaji sahihi. Koku alikatwa mguu juu kidogo ya goti, na kukatwa kulikuwa bure.

Siku ya tatu nilikwenda wodini. Domitila alikuwa amekaa sakafuni pembeni ya kitanda, anamenya ndizi. Nilichuchumaa, nikamuuliza kwa Kihaya zile nguo za mara ya kwanza zilikuwa za nani. Aliniangalia kama mtu anayeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Kitenge ni cha mke wa mwinjilisti wetu. Viatu vya dada yake. Nilikuwa nakuja ofisini, mae, mama yangu. Ningekujaje kwako na matambara?"

"Na shamba?"

"Shamba lipo. Maji yalilichukua, lakini lipo."

"Na ng'ombe?"

"Shemeji aliwachukua mume wangu alipofariki. Wapo kwake. Hukuniuliza wako wapi."

Tapeli aliazima shati lililochanika nikamwamini. Mwanamke mwaminifu aliazima kitenge ili aniheshimu, nikamwadhibu. Fikirini juu ya hilo mkiwa na vishikwambi vyenu, kwa sababu mimi nimelifikiria kila siku tangu wakati ule na bado sijalimaliza.

Mnaweza kudhani nilipewa onyo. Mwaka ule nilichaguliwa mfanyakazi bora. Mgeni rasmi alisema idara yangu imepunguza misamaha isiyo ya lazima, watu wakapiga makofi, nikapewa cheti na chupa ya chai yenye maua mekundu. Chupa ilivunjika kioo ndani ya wiki mbili. Cheti kipo, kwa sababu mume wangu alikiwekea fremu kabla sijamweleza.

Koku alikua. Magongo ya mtoto yanafupika kila mwaka kama suruali, kwa hiyo kila mwaka alikuja kwangu apate mengine. Nilitia sahihi kabla hajakaa. Nilimtafutia mguu wa bandia, ukamchubua, akautupa, nikamtafutia mwingine. Nilimwombea nafasi ya kujifunza ushonaji. Nilipohamishiwa Bukoba alinifuata huko huko, akiniletea mahindi ya kuchoma yaliyofungwa kwenye gazeti, akinisalimia huku magongo yake yameegemea mlangoni: "Shikamoo, mama." Hakuna mtu aliyewahi kunisalimia vizuri kama yule binti, na hakuna salamu iliyonikaa kooni kama ile. Mama yake alifariki Koku akiwa na miaka kumi na minane. Nilikwenda msibani Ngenge. Nilikaa nyuma, karibu na waliokuwa wanapika.

Sasa niwaambie kuhusu dodoso, maana najua mnalipenda. Siku zangu za mwisho kazini tuliletewa karatasi ya kujaza kwa alama. Ukuta wa saruji, alama. Bati, alama. Dirisha la vioo, redio, simu, kitanda chenye godoro, alama. Jumla ikizidi kiasi fulani, mtu si maskini. Tulifurahi. Nilisema moyoni, afadhali, sasa karatasi ndiyo itakayokosea.

Nikatumwa kijiji kimoja cha Muleba kulijaribu. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja mwenye umri wa mama yangu. Nyumba kubwa, saruji, vioo, kochi la vitambaa vya kufuma. Mbele ya nyumba, kwenye kibanja chake cha migomba, kulikuwa na makaburi manne yaliyojengwa kwa vigae. Wanawe. Nyumba aliijenga mmoja wao alipokuwa anafanya kazi mbali, kabla hawajarudi mmoja mmoja kuja kufia nyumbani. Bibi alikuwa analea wajukuu watano, na siku ile chungu chake hakikuwa mekoni. Dodoso lilimpa alama za juu kuliko nyumba zote tulizopita. Hapakuwa na mahali pa kuandika makaburi. Nilimuuliza msimamizi wangu niyaweke wapi. Alisema, "Weka kwenye maoni mengineyo." Nikaweka. Hayo maoni mengineyo hakuna aliyeyasoma.

Miaka michache baada ya kustaafu nikapigiwa simu. Muswada wa bima ya afya kwa wote ulikuwa umeandaliwa, wageni walikuwa wanapita kukusanya maoni, na jina langu lilikuwa kwenye orodha ya wadau. Nilifurahi, sitawaficha. Nilidhani hatimaye wanakuja kutuuliza sisi tuliokosea. Nikampigia Koku, wakati huo alikuwa na chumba cha ushonaji Muleba, nikamwomba tukutane Bukoba ukumbini. "Nikaseme nini?" aliuliza. "Chochote unachotaka," nikamwambia.

Ukumbi ulijaa. Maji ya chupa, makabrasha, vitambaa mezani. Kijana mmoja mwanasheria alitusomea vifungu, kwa upole na kwa haraka. Kila mtu atajiunga. Asiye na uwezo atatambuliwa, atalipiwa. Niseme ukweli, maneno yale yalikuwa mazuri. Ningeyasikia miaka ile ningelia. Nilinyoosha mkono.

"Huyo asiye na uwezo," niliuliza, "nani atamtambua, na kwa kuangalia nini?"

"Hilo, mama, litawekwa kwenye kanuni."

"Kanuni ziko wapi?"

"Zitatungwa baada ya sheria kupita."

Watu waligeuka kuniangalia kama mtu anayechelewesha chakula. Nikakaa. Ndipo Koku akasimama. Ilimchukua muda kusimama, na ukumbi ukamsubiri.

"Mimi ni fundi cherehani," alisema. "Nina swali moja tu. Mtoto akiletwa hospitali kabla hajatambuliwa, atatibiwa kwanza, au atasubiri atambuliwe?"

Mwenyekiti aliinamia karatasi zake. Kijana mwanasheria akaufungua muswada, akaufunga.

"Swali zuri sana, dada," alisema mwenyekiti. "Tumelichukua."

Wakalichukua. Tukaletewa wali na kuku. Baadaye nilipata nakala ya muhtasari wa kikao kile, nikausoma ukurasa kwa ukurasa nikiwa na miwani miwili. Umeandika kwamba wadau waliupokea muswada vizuri, na kwamba mdau mmoja alichangia kuhusu watoto.

Tulipotoka tulikaa kwenye benchi nje ya ukumbi, tukisubiri bajaji. Koku alikuwa amefunga kipande chake cha kuku kwenye karatasi apeleke nyumbani. Nikaona nikinyamaza na leo, basi nitanyamaza mpaka nife.

"Koku, kuna jambo sijawahi kukwambia. Ile mara ya kwanza mama yako alipokuleta, aliyeandika kwamba ana uwezo ni mimi."

Alimaliza kukunja karatasi.

"Najua, mama."

"Nani alikwambia?"

"Mama. Siku ile ile, tukiwa njiani kurudi. Alisema, 'Yule mama ameniangalia viatu.'"

"Sasa miaka yote ile kwa nini ulikuwa unakuja kwangu?"

"Kwa sababu wewe usingeweza kunikatalia tena," alisema. "Kwa mwingine ningeanza kueleza upya."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama fundi anayekwambia kwa nini alichagua uzi fulani. Ningetamani anitukane, nirudi Maruku na kitu cha kubeba. Bajaji ikaja, nikamshikia magongo akapanda, akaniambia nimsalimie mume wangu.

Sasa muswada umekuwa sheria, na ninyi mmetumwa. Sisemi sheria ni mbaya. Nimeisubiri kuliko ninyi nyote. Nasema tu kwamba mahali pale palipokuwa na stoo ya vitanda vibovu bado pana kiti, na safari hii mmekaa ninyi.

Mwezi uliopita wenzenu wawili walifika kwa Koku, Muleba. Alinipigia simu walipoondoka. Ana watoto wawili sasa, mmoja kifua kinambana kila msimu wa mvua. Vijana walikuwa na adabu, alisema, walivua viatu. Wakauliza bati, wakauliza ukuta, wakauliza cherehani ya nani.

"Ukawajibu nini?"

"Nikawaambia cherehani ni ya jirani, ananiazima."

Mimi nilitumia miaka karibu thelathini kuwawinda watu wanaosema hivyo. Nilikuwa hodari. Na huyu ni binti wa yule mwanamke aliyenijibu kila swali kwa ukweli.

"Na simu waliiona?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nimeikalia."

Nikamwambia amefanya vizuri, na wakirudi aikalie tena.